Ekari kumi za Crooks: shajara ya kusoma ndoto ya Kimarekani kwa Kiswahili

13 Januari 2024: Kuanza

Leo tumekutana sebuleni kwangu, hapa Morogoro, kuanza kazi ya miezi sita. Tutasoma maandishi mashuhuri ya Marekani yanayohusu watu walioahidiwa kwamba bidii italipa, kisha isiwalipe. Mwishoni tunataka tuwe na mwongozo mfupi wa Kiswahili na rekodi za sauti ambazo kikundi kingine kinaweza kuzichukua na kuendelea nazo. Shajara hii ni kwa ajili yao. Mambo ya kawaida nitayapita haraka. Tulipokosea nitakaa, kwa kuwa hapo ndipo mtakapookoa muda na hela.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye tangazo lenyewe. Niliandika "Tusome Ndoto ya Marekani", nikabandika kwenye steshenari ya mtaani na kutuma kwenye makundi ya WhatsApp. Walikuja watu kumi na watatu. Watano kati yao walidhani tunafundisha kujaza bahati nasibu ya grini kadi, kibali cha kuishi Marekani. Waliaga kwa adabu, lakini niliumia, maana mmoja alikuwa amepanda daladala mbili kuja kwangu.

Tangu leo tunaandika "ndoto ya Kimarekani". Ki- hiyo imetusaidia kueleza kwamba hatuzungumzii safari ya kwenda kule, tunazungumzia imani waliyonayo walio kule tayari. Maneno hayo yalienezwa na mwanahistoria James Truslow Adams katika kitabu cha 1931, wakati mdororo mkuu wa uchumi umewakaba Wamarekani koo. Alisema ni ndoto ya nchi ambamo maisha yatakuwa bora na yenye neema zaidi kwa kila mtu, kwa kadiri ya uwezo wake. Tumekubaliana kwamba tutalipima neno moja tu katika sentensi hiyo: kila.

Tumebaki tisa: mwalimu mstaafu, muuguzi, dereva wa bodaboda, wanafunzi wawili wa chuo, mama muuza vitenge, fundi cherehani, mzee aliyekulia kwenye kambi ya mashamba ya mkonge Kilosa, na mimi. Matumizi: tangazo 1,500, nakala tatu za mitumba za *Of Mice and Men* 24,000, chai na vitumbua 9,000.

3 Februari: Tumeanza na kitabu kisichofaa kuanzia

Tulianza na *The Great Gatsby* cha F. Scott Fitzgerald, cha 1925, kwa sababu mbili: jina lake kubwa, na kinapatikana bure. Huko Marekani hakimiliki yake iliisha na kiko mikononi mwa umma tangu 1 Januari 2021. Tulitumia kifurushi cha intaneti cha 3,000 tu.

Hakikutushika. Mama muuza vitenge alisikiliza habari za karamu, mashati ya kila rangi na magari, halafu akasema, "Mwanangu, huyu ana shida gani?" Sikuwa na jibu zuri. Gatsby kweli alizaliwa James Gatz, mtoto wa wakulima wa North Dakota ambao mambo hayakuwaendea. Lakini tunakutana naye akiwa tayari tajiri, na umaskini wake tunausikia kwa mbali, kama habari ya jirani aliyehama.

Kilichookoa jioni ni karatasi moja karibu na mwisho. Gatsby amekufa, na baba yake anamwonyesha msimulizi ratiba aliyojiandikia mwanawe utotoni, 12 Septemba 1906. Kuamka saa 12 asubuhi, kufanya mazoezi, kusoma, kuwatendea wazazi wema zaidi. Na mstari mmoja wa akiba: kuweka dola 5 kwa wiki, tano hiyo imekatwa, pembeni imeandikwa 3. Fundi cherehani aliomba nirudie kusoma hapo. Akasema mtoto aliyekata tano akaweka tatu ni mtoto aliyejaribu ile tano ikamshinda.

Ushauri kwa mtakaofuata: anzeni na wanaoishi kwa mshahara wa mwezi, Gatsby aje baadaye. Ila ile dola 5 iliyokatwa iandikeni pembeni. Sisi tuliipuuza siku ile, na mwezi mmoja mbele ikaturudia.

24 Februari: Fani na maudhui zimetupoteza

*Of Mice and Men* cha John Steinbeck, 1937. Vibarua wawili, George na Lennie, wanafika kwenye ranchi karibu na Soledad, California. Mikononi wana kazi tu, kichwani wana shamba dogo ambalo watalinunua siku moja. Lennie, mwenye mwili mkubwa na akili ya mtoto, atalisha sungura.

Mwalimu wetu ni mtu mwema na hodari, lakini amefundisha fasihi miaka thelathini, na sote tulisoma kwa njia ile ile: dhamira, wahusika, migogoro, mafunzo. Tukagawana makundi, tukajaza karatasi kubwa ukutani. Kwenye safu ya mafunzo tukaandika kwamba watu wapange malengo yanayowezekana, na kwamba Lennie angetii maagizo ndoto ingetimia.

Nilizitazama karatasi zile usiku, baada ya wote kuondoka, nikaona tumemaliza saa tatu tukiwahukumu maskini. Tulikuwa tumeuliza, "Mhusika huyu alikosea wapi?" Ukiuliza hivyo utapata jibu daima, kwa sababu hakuna binadamu asiyekosea. Lakini hutajua kwa nini mwenye ranchi, ambaye mwanawe Curley ni mgomvi na mjinga, bado ana ranchi.

Karatasi nimezikunja. Gharama: bango sita na kalamu za wino mzito, 11,000, na jioni nzima.

9 Machi: Daftari la hesabu

Dawa ilitoka kwa dereva wa bodaboda. Yeye huandika kila siku alichoingiza, mafuta, na hela ya bosi mwenye pikipiki. Akasema, "Hawa jamaa wanataja hela kila ukurasa. Kwa nini tusiwafungulie daftari?"

Tukaikumbuka ile dola 5 ya Gatsby iliyokatwa, tukafungua. Kila mhusika ukurasa wake: anacho nini, anadaiwa nini, anataka kununua nini, nani anashika ufunguo.

Hapo tukakosea tena, na kosa hili nalieleza kwa urefu kwa kuwa kila kikundi cha Kiswahili kitaliingia. Shamba la George ni dola 600. Tukazigeuza kwa bei ya leo, tukapata kama shilingi milioni moja na nusu. Sebule nzima ikacheka. Ekari kumi, nyumba, kinu cha upepo, kwa hela ambayo hainunui hata kiwanja hapa mjini! Ndoto yote ikawa kitu cha bei rahisi, na George akaonekana mvivu.

Marekebisho yake: usigeuze dola kuwa shilingi, geuza kuwa miezi ya jasho. Ranchi inalipa dola 50 kwa mwezi. Basi 600 ni mwaka mzima wa mtu mmoja ambaye hanywi soda, hachezi karata, haugui, hafukuzwi. Kicheko kilikwisha hapo hapo.

Kisha tukaongeza ukurasa wa Candy, mzee wa kufagia. Alikatika mkono kazini akalipwa fidia ya dola 250. Ana 50 benki na 50 zinakuja mwisho wa mwezi: 350. Anawaomba George na Lennie wamchukue, atapika, atapalilia bustani. Dereva akatoa haraka, 600 toa 350. Zimebaki 250. Watu wawili wakifanya kazi bila kutumia hata senti wanapata 100 kwa mwezi.

"Miezi miwili na nusu," akasema. Akarudia polepole, "Miezi miwili na nusu tu."

Ndani ya kitabu George mwenyewe anaona wanaweza kumshawishi mwenye shamba hata kwa 450, yaani mwezi mmoja tu. Huko nyuma nimesoma kitabu hiki mara tatu na sikuwahi kuhisi jinsi walivyokuwa karibu. Nilikisoma kama hadithi ya ndoto ya mbali. Daftari linasema hela walikuwa nayo nusu na zaidi, na sehemu kubwa ya hela hiyo ni bei ya mkono wa mtu.

Mwalimu mstaafu aliuliza habari ya pensheni. Nikatafuta: sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani. Ndiyo maana Candy anaogopa siku atakayoshindwa kushika ufagio. Mwalimu aliyaandika hayo kwenye ukurasa wa Candy kwa mkono wake mwenyewe.

Tunasimama kwa ajili ya Ramadhani.

27 Aprili: Ekari kumi

Mvua za masika zilituzuia wiki mbili baada ya Idi. Leo tumesoma sura ya nne yote kwa sauti. Tulitoa kopi ya kurasa hizo tu, 18,000.

Crooks ni mtunza farasi, Mweusi pekee ranchini, mgongo umepinda kwa teke la farasi. Analala peke yake kwenye chumba cha matandiko ya farasi. Tulikaa sana kwenye orodha ya vitu vyake: saa kubwa ya kengele, bunduki ya mtutu mmoja, miwani ikining'inia msumarini, kamusi iliyochakaa, na kitabu cha sheria za madai za California cha 1905. Hebu fikiri mtu anayefagia mavi ya farasi anahifadhi kitabu cha sheria. Mzee wa Kilosa akasema, "Huyo anataka kujua haki yake inaanzia wapi, hata kama hakuna wa kumdai."

Crooks anamwambia Lennie ameona mamia ya watu wakipita na shamba kichwani, na hakuna aliyelipata. Kama mbinguni, anasema. Halafu anataja jambo lingine kama kwa bahati mbaya: baba yake alikuwa na shamba la kuku California, kama ekari kumi.

Muuguzi, aliyekuwa zamu ya daftari, alisimamisha usomaji. Akafunua nyuma, ukurasa wa George. Ekari kumi. Shamba wanaloliota wazungu wale wawili, Mweusi huyu alikulia ndani yake. Aliishi ile ndoto utotoni, na sasa analala zizini. Kitabu hakisemi shamba liliishia wapi. Crooks anasema tu kwamba watoto wa wazungu walikuja kucheza kwao, na baba yake hakupenda, na yeye alikuja kuelewa sababu baadaye sana.

Hapo mradi ulibadilika mikononi mwetu. Tulikuwa tunahesabu hela tukidhani hela ndiyo ukuta. Baba yake Crooks alikuwa ameupita ukuta huo. Tukaongeza safu mpya kwenye daftari: baada ya kulipa, nani bado anaweza kukutoa?

Sasa lugha. Tulijaribu kutafsiri mazungumzo kwa Kiswahili sanifu, vibarua wakawa kama wasoma taarifa ya habari. Tukajaribu Kiswahili cha vijiweni, wanafunzi wakafurahi lakini ikawa vichekesho. Aliyetuokoa ni mzee wa Kilosa, ambaye baba yake alikuja mkonge kutoka Kigoma akiwa manamba, kibarua wa mkataba. Bweni la ranchi akaliita kambi. Karatasi za kazi ambazo George anambebea Lennie asije akazipoteza akaziita vipande, neno lile lile la mashamba ya mkonge. Vyote viwili tumevichukua. "Manamba" tumeliacha, ingawa ni zuri, kwa sababu tulipolitumia wote tulihama California tukajikuta Kilosa, na mzee mwenyewe akasema hadithi hii si ya baba yake.

George husema wataishi kwa mafuta ya ardhi. Tulihangaika nayo mpaka mama muuza vitenge akakumbuka Farao akimwambia Yusufu awalete ndugu zake: Mwanzo 45, unono wa nchi. Ndiyo hiyo hiyo. Lennie sasa anasema "tutakula unono wa nchi", na inakaa vizuri mdomoni mwake kama wimbo wa kanisani aliokariri.

Kilichotushinda ni tusi analoitwa Crooks. Tukiandika "mweusi" tusi linayeyuka. Sebuleni kwetu sote ni weusi na neno hilo halimchomi mtu. "Mtumwa" linachoma, lakini lilileta mabishano ya Pwani na koo za watu, tukatoka nje ya kitabu. Tuliamua kuliacha tusi lisitamkwe kabisa, na badala yake msomaji anatulia kidogo, kisha anasoma kinachofanywa: hawamruhusu kucheza karata kambini, wanasema ananuka. Sijaridhika sana. Mwenye njia bora atumie yake.

25 Mei: Dola 10,000

*A Raisin in the Sun*, tamthilia ya Lorraine Hansberry. Ilifunguliwa Broadway, kwenye majumba makubwa ya tamthilia ya New York, Machi 1959, ya kwanza ya mwanamke Mweusi kufika jukwaa hilo. Mwanafunzi mmoja aliiazima maktaba ya chuo. Nakala moja, kwa hiyo tuliisoma kwa kupokezana kitabu, na kumbe ndiyo njia nzuri kuliko zote kwa tamthilia. Hapakuwa na gharama ila chai.

Familia ya Younger imebanana kwenye vyumba vichache Chicago, choo wanachangia na jirani. Baba amefariki, na hundi ya bima ya maisha yake inakuja: dola 10,000. Daftari lilijazwa dakika tano. Mama analipa 3,500 kianzio cha nyumba. Zinazobaki, 6,500, anampa mwanawe Walter. 3,000 kati ya hizo ni za masomo ya udaktari ya binti, Beneatha. Walter anampa zote mshirika wa biashara ya duka la pombe, na mshirika anatoweka.

Dereva wetu ndiye aliyesoma Walter. Alisoma vizuri sana ile asubuhi ya mwanzo, mtoto anaomba senti 50 za shule, mama anasema hakuna. Walter anatoa 50, anaongeza 50 nyingine mtoto anunue matunda au apande teksi. Anatoka kifua mbele. Dakika chache baadaye anarudi kumwomba mkewe nauli. Dereva alishusha kitabu magotini. "Hii nimeifanya," alisema. "Juzi." Matokeo ya grini kadi yalitoka mwanzoni mwa mwezi huu, jina lake halimo. Alilipa 10,000 kujaziwa fomu Oktoba, naye hakuwa ametuambia mpaka leo.

Tulikaribia kurudia kosa la Februari: Walter mjinga, kapoteza hela. Safu mpya ilituzuia. Nyumba iko Clybourne Park, mtaa wa wazungu. Mama anaeleza sababu kwa utulivu: nyumba zinazojengwa kwa ajili ya Weusi huko mbali bei yake ni kama mara mbili. Na kabla hawajahama anafika bwana Lindner, mpole, kofia mkononi, kutoka chama cha wakazi, akiwa na pendekezo: chama kiko tayari kuinunua nyumba hiyo kutoka kwao, wao wapate faida, ili wasije. Watu wamelipa kianzio, karatasi wanazo, na bado kuna mtu mlangoni.

Hansberry hakubuni hilo hewani. Baba yake, Carl Hansberry, alinunua nyumba kwenye mtaa wa wazungu Chicago uliokuwa na makubaliano ya kutowauzia wala kuwapangisha Weusi. Genge lilikuja nyumbani kwao Lorraine akiwa mtoto. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na 1940 familia ilishinda, ila kwa hoja ya utaratibu tu; mikataba ya namna hiyo iliendelea mpaka hukumu ya 1948 ilipokataza mahakama kuitekeleza. Nilipowasomea miaka hiyo, mzee wa Kilosa alimkumbuka Crooks na kitabu chake cha sheria msumarini, nikamrekebisha kwamba msumarini ni miwani. "Vyote vinahitajika kuisoma," akajibu.

8 Juni: Kitabu tulichoacha, na ukurasa mtupu

Tulijaribu *Native Son* cha Richard Wright, 1940. Ni kirefu na kizito kwa watu wanaokuja wamechoka Jumamosi. Tumekiacha bila kukimaliza. Tumebaki na jambo moja tu, ukurasa wa Dalton. Tajiri huyu ana hisa kubwa katika kampuni inayomiliki nyumba wanazobananishwa Weusi, chumba cha akina Bigger, kijana mhusika mkuu, kikiwemo, chenye panya. Na huyo huyo anatoa msaada wa meza za mpira wa meza kwa klabu ya vijana Weusi. Kwenye daftari tuliandika kodi upande mmoja na meza upande wa pili, hatukuongeza neno.

Muuguzi alileta hoja iliyonitia aibu. Tumefungua kurasa kumi na moja na hakuna wa mke wa Curley. Tulimwona msumbufu tu. Tukamfungulia. Anacho nini? Nguo ya pamba na viatu vyekundu. Mshahara hana. Aliahidiwa Hollywood na mwanaume mmoja, barua haikuja, akaolewa kwa hasira. Jina? Steinbeck hakumpa. Na mtu huyu asiye na senti wala jina ndiye anayemwambia Crooks kwamba anaweza kumfanya anyongwe mtini kwa neno moja. Muuguzi aliandika hilo tu, katikati ya ukurasa.

6 Julai: Kurekodi

Mwongozo una kurasa 14. Kuchapa na kutoa nakala thelathini: 63,000. Rekodi tulifanya kwa simu. Mara ya kwanza sebuleni, sauti ikajaa mwangwi na jogoo wa jirani. Mara ya pili tulining'iniza vitenge vya mama ukutani na mlangoni, saa tatu usiku, ikatoka safi. Jumla tangu Januari, chai ikiwemo: shilingi 214,500. Tulichanga, hakuna aliyetulipa.

Sehemu ya mwisho kurekodi ilikuwa Crooks, na aliyeisoma ni mzee. Pale Candy anapomwonyesha hesabu kwamba hela zimekaribia kutimia, Crooks anayumba. Mtu aliyecheka mashamba ya kichwani anauliza kwa sauti ndogo kama watahitaji mkono mmoja zaidi, atafanya bure, kwa chakula tu. Kisha anaingia mke wa Curley, na kitisho cha mti. Crooks anaketi. Wageni wakiwa wanatoka anamwita Candy, anamwambia asahau, alikuwa anatania, hataki kwenda mahali kama pale.

Mzee alisoma mstari huo mara nne, tukidhani amekosea. Mara ya kwanza kwa hasira, ya pili kwa machozi. Ya nne aliusoma kama mtu anayekataa sukari kwenye chai ya ugenini. "Hapana, sihitaji." Tumeichukua hiyo. Baada yake kwenye rekodi mtasikia sauti ya kitu kinachosuguliwa polepole: ni mzee, amejimiminia mafuta kiganjani na anauchua mkono wake karibu na simu, kama Crooks anavyobaki peke yake akijichua mgongo kwa dawa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na hatukuikata.